Safari ya Jamaa Yetu Katika Nchi Nne

Kikuubo kwa lugha ya Kiganda ni njia nyembamba ipitayo kati ya nyumba na nyumba. Ndilo jina la uchochoro mashuhuri wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, karibu na Nakivubo na vituo vya mabasi. Msomaji ambaye hajafika huko na afikirie wachukuzi wenye mabunda kichwani, wanunuzi waliotoka Juba, Goma na Kigali, na wenye maduka wakiita wateja kwa lugha nne au tano, wote katika njia ambayo watu wawili wanene hawapishani bila kuombana radhi. Baba ana duka huko. Huuza mabeseni, sahani na chupa za chai.

Nia yangu katika makala haya ni kueleza jinsi jamaa ya watu sita, wasio matajiri, ilivyozunguka katika nchi nne kwa siku 19 wakati wa likizo kubwa iliyopita, ili mwenzangu atakayetaka kufanya hivyo ajue ataulizwa nini na ataulizwa wapi. Tulikuwa Baba, Mama, Nyanya mwenye umri wa miaka 78, mimi, mdogo wangu wa kiume wa miaka 14, na kitinda mimba wetu wa miaka 9.

Wazo lilianzia darasani. Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa akitufundisha nchi za Kusini-Mashariki ya Asia, akatuambia kwamba jamaa nyingi za Ulaya huchukua watoto wao wakatembea Thailand, Laos, Kambodia na Vietnam katika likizo moja, kwa basi, kwa gari moshi na kwa mashua, wakiufuata mto Mekong. Nilipomweleza Baba habari hiyo alicheka. Yeye amefika Bangkok mara mbili kutafuta mali. Akasema, "Bangkok sikuona mto wala hekalu. Niliona ghala." Nikamwuliza kama amefika Kigali, ambako wateja wake wengi hutoka. Akasema bado. Mombasa je? Amefika bandarini tu. Nyanya, aliyekuwa akichambua maharagwe, akasema kwamba yeye alikwisha kufika mahali pengi kuliko Baba, tena bila ndege.

Hapo yafaa nikumbushe jambo la historia. Jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki ya Asia iliundwa Bangkok tarehe 8 Agosti 1967, na nchi tano: Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand. Miezi miwili kabla yake, tarehe 6 Juni 1967, mkataba wa ushirikiano wa Afrika Mashariki ulitiwa sahihi hapa hapa Kampala. Kwa hiyo jumuiya hizi mbili ni marika. Ile ya Asia haikuvunjika. Yetu ilivunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa mkataba mpya wa mwaka 1999, na leo ina nchi nane. Mtu aliyezaliwa Kampala baada ya mwaka 2000 huiona jumuiya kama kitu kilichokuwapo siku zote. Nyanya haioni hivyo, na sababu yake ni dada yake.

Babu alikuwa fundi wa reli. Mwaka 1966, Nyanya alipokuwa na miaka 19, yaani umri wangu wa sasa, alipanda gari moshi Kampala akashuka Tanga, alikohamishiwa Babu. Njia ilipita Nairobi, ikakatia Voi, ikaenda Taveta na Moshi, kisha ikateremka hadi pwani, reli tupu mwanzo hadi mwisho. Anasema alitumia shilingi moja ile ile safari nzima, kwa kuwa ndiyo kwanza kila nchi ilikuwa ikianza kutoa fedha zake mwaka huo, na fedha za zamani za Afrika Mashariki zilikuwa bado zikipokewa kote. Dada yake mdogo alimfuata Tanga, akaolewa huko. Babu na Nyanya walirudi Uganda mwaka 1974. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka huo haukufunguliwa hata Novemba 1983. Uganda nayo wakati huo ilikuwa vitani. Basi tangu hapo madada hawa wawili walionana mara moja tu, katika matanga ya Babu.

Mama ndiye aliyesema kwamba kama ni kutembea, tutembee kuelekea Tanga. Baba alipinga, maana Desemba ndio mwezi wa mauzo Kikuubo, na kufunga duka wakati huo ni kama mkulima kulala wakati wa mvua. Mabishano yalichukua majuma matatu. Mwishowe duka aliachiwa mjomba, na Baba akatoa sharti kwamba turudi kwa njia ya Kigali.

Sasa nieleze matayarisho, maana hapo ndipo safari nyingi hufia. Raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wameruhusiwa tangu mwaka 2014 kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Lakini Tanzania haimo katika mapatano hayo, kwa hiyo kwetu sisi pasipoti ilikuwa lazima. Tena mtoto aliye chini ya miaka 16 hana kitambulisho cha taifa cha kuonyesha popote. Mwenye wadogo zake na aanze na vyeti vyao vya kuzaliwa, miezi mingi kabla. Viza hatukuhitaji mahali popote.

Jambo la pili ni chanjo ya homa ya manjano. Uganda imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, na cheti cha manjano huulizwa mipakani. Chanjo yenyewe haihesabiwi kuwa na nguvu mpaka zipite siku 10, hivyo haifai kuchanjwa siku ya kuondoka. Jema lililopo ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho hakiishi muda. Ukichanjwa mara moja imetosha maisha.

Jambo la tatu litawachekesha watu wa Kikuubo. Sisi tunafunga kila kitu ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Rwanda iliipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Tulikuwa tunaingia nchi tatu ambazo kaveera ni hatia katika zote! Mama alishona mifuko ya kitambaa kwa mabaki ya vitenge, na njiani tulimwona abiria mmoja akimwaga nguo zake zote juu ya meza ya forodha ili asalimishe mifuko minne.

Tuliondoka Kampala alfajiri kwa basi. Jinja tuliuvuka mto Naili juu ya daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2018, Nyanya akaomba dereva apunguze mwendo, dereva asisikie. Busia tulifika kabla ya adhuhuri. Kituo cha Busia ni cha namna inayoitwa kituo cha pamoja: tangu mwaka 2018 msafiri haandikwi mara mbili katika majengo mawili yenye uwanja wa vumbi katikati, bali huingia jengo moja la upande anakokwenda, akakuta maofisa wa nchi zote mbili wameketi karibu karibu. Mmoja humtoa Uganda, mwenzake humwingiza Kenya. Mdogo wangu alitazamia kuona mstari ardhini. Hakuna mstari. Kilichoko ni wabadili fedha, na hao ndio mpaka wa kweli. Mmoja alimhesabia Baba noti haraka haraka, akizikunja nyingine katikati ili zihesabiwe mara mbili, lakini amemkosea mtu wa Kikuubo. Baba alizichukua, akazinyosha moja moja juu ya boneti ya gari, polepole, mpaka yule bwana akaona haya akaongeza zilizopungua.

Nairobi nitaipita, kwa kuwa tulilala tu.

Kutoka Nairobi hadi Mombasa tulipanda gari moshi la reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017. Mwendo ni kiasi cha kilomita 470, nao huchukua saa tano au sita. Katika mbuga ya Tsavo tuliona tembo wekundu kwa udongo, madirishani watu wote wakasongamana upande mmoja. Lakini Nyanya alikuwa upande wa pili akiitafuta reli ya zamani, ile iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Reli hizo mbili hukaribiana mahali pengi. Kila alipoiona alisema, "Ndiyo ile."

Mombasa Baba alitutoa asubuhi tukatazame bandari kutoka mbali. Hapo nilijifunza lile ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote katika safari hii. Mabeseni yetu yatoka Uchina. Mafuta ya kupikia ambayo jirani yetu huuza yametengenezwa kwa mawese yatokayo Malaysia na Indonesia, nchi zile zile za somo la mwalimu. Vitu hivyo vikishuka Mombasa, tangu mwaka 2014 ushuru wa Uganda hulipwa na hati zake hutengenezwa vingali bado pale, na kontena hutiwa lakiri. Baada ya hapo husafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Kampala bila kufunguliwa tena njiani kwa ajili ya ushuru. Baba alieleza haya kwa furaha ya mfanya biashara. Mimi nilikuwa nimeshika pasipoti sita na vyeti sita vya manjano ndani ya mfuko wa kitenge, nikijua kwamba kila mpaka utatutaka tuvitoe vyote upya. Beseni limeulizwa mara moja tu. Sisemi kwamba watu waachwe wapite kama mabeseni, maana nchi ina haki ya kujua nani ameingia. Lakini ni ajabu kwamba jumuiya imejua kuipunguzia mali adha kabla ya kumpunguzia bibi wa miaka 78 anayekwenda kumwona dada yake.

Tuliivuka Likoni kwa kivuko, ambako mtu wa miguu halipi kitu, tukashika njia ya kusini hadi Lunga Lunga, na ng'ambo ya pili Horohoro, Tanzania. Ofisa wa uhamiaji aliishika pasipoti ya Nyanya akamwuliza madhumuni ya safari. Nyanya akamjibu kwa Kiswahili alichojifunza Tanga miaka hamsini na zaidi iliyopita, "Nakwenda kwa mdogo wangu, mwanangu, naye hajui kama nimefika." Yule kijana akatazama juu, akamwuliza Kiswahili hicho amekipata wapi, naye ni Mganda. Akamtolea kiti.

Tanga tulikaa siku sita. Juu ya kukutana kwao sina mengi ya kusema. Walishikana mikono wakakaa kwenye mkeka barazani, na kwa muda mrefu walizungumza habari za watu waliokufa, mmoja baada ya mwingine, wakihesabu. Sisi watoto tuliambiwa tukacheze.

Na hapo ndipo lilipokuja jambo la lugha. Binamu zetu wa Tanga hawajui Kiganda hata neno. Mimi nakisoma Kiswahili shuleni, lakini wadogo zangu wawili walikuwa hawana. Nyumbani kwetu, kama katika nyumba nyingi za Buganda, watu wazima walikidharau wakisema ni lugha ya askari na wezi, na Nyanya mwenyewe hakuwahi kutufundisha. Siku mbili za kwanza wale watoto walitazamana kama ng'ombe wa mazizi mawili. Siku ya tatu mpira uliwafundisha pasi, toa, na mwongo wee. Kitinda mimba wetu alipotelewa na Nyanya sokoni, akaita kwa sauti, "Nyanya! Nyanya!" Wauza mboga watatu wakamwonyesha mafungu ya nyanya nzuri, kubwa kubwa, mmoja akampunguzia bei. Huko Tanga mama wa mama huitwa bibi. Mwaka 2022 serikali yetu iliagiza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Atakayeuliza kina faida gani kwa mtoto wa Kampala, nitamweleza habari za soko la Tanga.

Tanga yenyewe ni mji wa kimya, wenye barabara pana na majengo ya wakati wa Wadachi. Watu wake waliposikia tumetoka Uganda walituuliza habari za mafuta, kwa kuwa bomba la mafuta ya Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilipangiwa kutoka Hoima hadi Chongoleani, karibu kabisa na mji huo. Babu wa kambo wa binamu zangu alisema kwa mzaha kwamba zamani Waganda walikuja kwa reli, sasa watakuja kwa bomba.

Dar es Salaam tulipita, tukavuka kwa boti ya mwendo wa kasi hadi Unguja, kiasi cha saa mbili. Bahari ilichafuka. Mdogo wangu wa kiume, aliyejisifu tangu Kampala kwamba Ziwa Victoria halimtishi, alitapika mpaka akaanza kutubu dhambi. Wageni waliotoka nje ya Tanzania wajue kwamba hata bandarini Unguja pasipoti huulizwa, ingawa hawajatoka katika nchi. Mji Mkongwe tulitembea kwa miguu, nikaona kwamba nimefika Kikuubo nyingine: vichochoro vile vile vya watu kupishana kwa ubavu, ila huku kuta ni za mawe ya matumbawe na milango imenakshiwa. Palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873, pamejengwa kanisa. Baba, ambaye hupenda kuuliza bei ya kila kitu, hakuuliza chochote hapo.

Kurudi, tulipanda gari moshi la umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, njia iliyofunguliwa mwaka 2024, na baada ya hapo ni mabasi: Singida, Nzega, tukalala Kahama. Hii ni nchi pana sana na kavu. Nyanya alivimba miguu, na Mama alimsugua kwa mafuta kila basi liliposimama. Mwenye kusafiri na mzee asijaribu kuipita sehemu hii kwa siku moja.

Rusumo ndipo mpaka wa Tanzania na Rwanda, juu ya mto Kagera. Mto unaporomoka chini ya daraja kwa kishindo, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Ukivuka, mambo mawili hugeuka. Saa yako hurudi nyuma kwa saa moja, na magari huhama kutoka kushoto kwenda kulia. Mwalimu alikuwa ametueleza kwamba magari huhama upande vivyo hivyo katika daraja la Mekong kati ya Thailand na Laos, lililofunguliwa mwaka 1994. Nilitaka kuwaeleza wenzangu jambo hilo, lakini Nyanya alikuwa amesimama akitazama maji, nikanyamaza.

Mwaka ule ule wa 1994, mwishoni mwa Aprili, watu kiasi cha 250,000 walivuka hapo kwa muda wa siku moja hivi, wakikimbia Rwanda, na hakuna aliyekuwa na wakati wa kuwauliza cheti. Wengine hawakufika darajani. Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Victoria, nao huingilia Uganda, na miezi ile ulileta maiti maelfu. Walizikwa na watu wetu wa mwambao, na makaburi yao ya pamoja yako Kasensero, Lambu na Ggolo hata leo. Nyanya anakumbuka kwamba Kampala watu waliacha kula samaki. Maji hayo, yakipita Rusumo, huenda ziwani, na yakitoka ziwani hupita Jinja, chini ya daraja tulilolivuka siku ya kwanza.

Kigali ilikuwa safi hata Mama akaona haya kutupa ganda la ndizi. Baba alipokewa na mteja wake wa zamani, aliyekuwa haonekani Kikuubo tangu mpaka wa Katuna ulipofungwa Februari 2019. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022, lakini yule bwana katika miaka hiyo mitatu alikwisha kupata njia nyingine ya kuleta mali. Walikunywa chai, wakaulizana habari za watoto, na biashara hawakuitaja mpaka tulipokuwa tumesimama mlangoni. Hapo akaagiza mabeseni dazeni ishirini. Baba aliyaandika kwenye kiganja.

Katuna tulivuka kwa dakika arobaini, tukafika Kampala usiku. Mjomba alikuwa ameuza vizuri kuliko Baba alivyotaka kukubali.

Bibi wa Tanga ameahidi kuja kwetu wakati wa Pasaka. Pasipoti yake imekwisha kupatikana, na binamu yangu ameniandikia kwamba atapelekwa kuchanjwa Jumatatu ijayo, ili zile siku 10 zitimie kabla hajapanda basi.